Spika haiitikii mtu

Salfa ilikuwa inanuka kijiji kizima. Mnaotoka kwetu mnaujua huo msimu, watu wanapuliza mikorosho, ukikaa nje nusu saa tu macho yanawasha, na asubuhi hiyo tulikuwa tumekaa nje ya zahanati chini ya mwembe, mi na mdogo wangu na mwanae mchanga, benchi moja na akina mama wengine, tunasubiri mizani. Hii ni Tandahimba, kijiji sikitaji.

Mdogo wangu alikuwa haongei. Sio kwamba amenuna, hapana, yaani maneno yalikuwa yamemwishia tu. Tangu ajifungue alikuwa halali, hata mtoto akilala yeye anakodolea paa, chakula anakigusa gusa, na siku moja alinambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia chumvi imeisha, "Dada, huyu mtoto mi simuwezi, mchukueni." Mumewe yuko Dar anahangaika na biashara ya mkononi, anatuma hela akipata.

Nesi akatoka na daftari lake, akapiga makofi mawili, akaanzisha.

"Mtoto anyonye!"

"Anyonye!"

"Miezi sita!"

"Anyonye!"

"Na maji je?"

"Yasubiri!"

"Na uji je?"

"Usubiri!"

Nyimbo za kliniki, nani hazijui. Mi hata nilikuwa sisikilizi, nilikuwa nahesabu foleni. Ila nikageuka, maana nilisikia sauti ninayoijua. Mdogo wangu alikuwa anaitikia. Chini chini, macho kwenye kucha za miguu, lakini anaingia pale pale panapotakiwa, hachelewi hata kidogo. Mtu ambaye nyumbani ukimuuliza umekula anaweza kukuangalia mpaka ukasahau umeuliza nini.

Mama wa pembeni akamnyooshea mikono, akampokea mtoto, ili apige makofi. Akapiga.

Nimerudi zangu mjini Mtwara, nimefungua duka, nachapisha barua za watu na kutoa kopi za vitambulisho, na hilo jambo likagoma kuondoka kichwani. Wiki zinaenda, bado najiuliza. Kile kilikuwa nini?

## Mama mkubwa ana jibu lake

Mama mkubwa hakuwa na haja ya kujiuliza. Kwake yeye jibu lilikuwepo tangu siku ya kwanza: mtoto wetu ana shetani, na shetani anataka ngoma.

Msicheke. Na msije na yale ya "ushamba" kwenye komenti, nawajua.

Ngoma ya shetani nimeiona nikiwa mdogo, nimechungulia kwenye makuti. Mgonjwa anakalishwa katikati, anafunikwa shuka, ubani unafuka, wapigaji wamezianika ngoma pembeni ya moto ngozi ziwambike vizuri, maana ngozi ikilegea inatoa sauti ya debe. Alafu wanaanza kuimba. Wimbo wa kwanza, mgonjwa katulia. Wa pili, katulia. Wanabadilisha, wanabadilisha, mpaka wafike kwenye wimbo wa shetani wake, hapo ndo mwili unaanza kutikisika na wote wanajua sasa tumempata. Wanauimba huo huo mpaka kuchosha. Usiku mzima watu wazima wanatafuta wimbo wa mtu mmoja. Fikiria hilo kidogo, ni lini mara ya mwisho watu wamekaa macho usiku kucha kwa ajili yako na wewe hujafa?

Lakini mi nilikataa, na ntawaambia kwa nini. Kwanza hela, ngoma ile sio bure, kuna kuku, kuna ubani, kuna kula ya watu. Pili, na hili ndo lilinitisha, mzazi ambaye halali usiku halafu unamwongezea usiku mwingine wa ngoma, unamsaidia au unammalizia? Kukosa usingizi peke yake kunaweza kumpeleka mzazi pabaya. Nikasema tunaenda hospitali kubwa kwanza, mama mkubwa akasema sawa mwanangu wewe ndo uliyesoma, kwa ile sauti ambayo nyote mnaijua haina maana ya sawa.

Dokta alimsikiliza. Akasema ni sonona ya baada ya kujifungua. Akatupa vidonge, akatupa tarehe ya kurudi, akaongea naye peke yake muda mrefu mi nikiwa nje.

Naliandika hili mapema ili mtu asije akasoma mbele akasema aha, kumbe ni kuimba tu. Hapana. Alimeza dawa, alirudi kwa tarehe zake.

Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi kama zetu karibu mama mmoja kati ya watano anapata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa lao ni sonona. Mmoja kati ya watano. Kwenye lile benchi letu la zahanati maana yake hakuwa mdogo wangu peke yake. Na kuna fomu ya maswali 10 imekuwepo tangu 1987, inaitwa ya Edinburgh, maswali ya kawaida kabisa, kama umeweza kucheka wiki hii, kama unajilaumu bila sababu. Kliniki yetu mtoto anapimwa uzito kila mwezi, chanjo zinaandikwa, mama anaulizwa kama ananyonyesha. Amelala? Hilo sijasikia mtu akiuliza.

## Usiku wa kusoma na bando la jero

Basi nikawa nikifunga duka nasoma. Kingereza changu ni cha kutafuta na kamusi lakini kinanifikisha.

Nilianza na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 kuhusu sanaa na afya, wamekusanya tafiti zaidi ya 3,000, muziki, ngoma, maigizo, kila kitu. Kubwa mno, ukiimaliza unajua kila kitu na hujui chochote. Kilichonishika ni vitu viwili vidogo.

Cha kwanza Gambia. Kule kuna vikundi vya akina mama vinaitwa kanyeleng, ni wanawake waliokosa watoto au waliozika watoto, wamejikusanya, wanaimba, wanacheza, wanafanya vichekesho hata vya kuaibisha, na jamii inawaheshimu hivo hivo walivyo. Sasa watafiti wakashirikiana nao, wakawapeleka kliniki kwa wajawazito, mara moja kwa wiki, wiki sita, kuimba na kuitikiana. Matokeo wakayaandika 2020: waliokuwa kwenye kuimba dalili zao za msongo na huzuni zilishuka kuliko wale waliopata huduma ya kawaida ya kliniki tu. Wenyewe wanasema ulikuwa utafiti wa kujaribia, sio wa mwisho, na mi napenda mtafiti anayesema hivo.

Kilichonifurahisha ni kwamba hawakuleta mwalimu wa muziki kutoka Ulaya. Wakaenda kwa wanawake ambao tayari kazi hiyo ndo yao.

Cha pili Uingereza, 2018. Akina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua wakagawanywa makundi matatu: wengine waimbe pamoja na watoto wao, wengine wakae na watoto kwenye michezo ya kubuni bila kuimba, wengine waendelee na matibabu yao ya kawaida. Wiki kumi. Wenye dalili nzito walioimba walianza kupata nafuu mapema kuliko wenzao. Mwisho wa wiki kumi makundi yote yalikuwa yamepata nafuu.

Ile sentensi ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Wote walipata nafuu. Waimbaji walitangulia tu. Ila we jiulize, mama ambaye leo anasema mchukueni huyu mtoto, kutangulia kwa wiki chache ni jambo dogo?

Alafu nikakutana na John Janzen, mwanaanthropolojia wa Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alizunguka Kinshasa, Dar es Salaam, Swaziland na Cape Town akifuatilia uganga wa ngoma. Akakuta kwamba huko kote, makabila tofauti, lugha tofauti, mambo yanafanana: mgonjwa haponi akaondoka zake, anaingizwa kwenye kundi la waliougua kama yeye, na baadae yeye mwenyewe anakuja kuwa mganga wa wengine. Na katikati ya shughuli yote kuna mtu anasimama, anasema la moyoni, anaanzisha wimbo, na wenzake wanaupokea.

Nikaweka simu chini.

Mama mkubwa hajawahi kusikia jina la huyo mzungu, lakini wangekaa pamoja wangeelewana kuliko mi ninavyoelewana nae.

## Kwenye majivu ya korosho

Nilipopata nafasi nikapanda tena juu. Sikumkuta mdogo wangu ndani, nikaambiwa yuko kwa mama mkubwa, wanabangua.

Kubangua korosho kwa mkono ni kazi ya kuharibu vidole. Korosho inachomwa, inatoa mafuta meusi yanayobabua, kwa hiyo unapaka majivu mikononi, unashika korosho, unaigonga pembeni sio katikati, ukiigonga katikati umepasua na bei imeshuka. Akina mama walikuwa wamekaa mduara chini ya kivuli cha kuti, vidole vyeusi, kila mmoja na jiwe lake, na mtoto wa mdogo wangu alikuwa amelala kwenye kanga mgongoni kwa mtu ambaye mi hata simjui.

Walikuwa wanaimba. Kugonga ndo ngoma yenyewe. Mmoja anaanza wengine wanapokea, wimbo ukichoka mwingine anaanzisha wa kwake, hamna anayeambiwa sasa zamu yako. Mara nyingine kimya tu, ko, ko, ko, mawe peke yake.

Na kwenye kimoja cha hivyo vimya mdogo wangu akaanzisha.

Wimbo wenyewe siuandiki hapa. Ni wa unyago, waliochezwa wanaujua na ambao hawajachezwa hauwahusu. Nitasema tu kwamba ni wimbo wa kumchekesha mwali, una tusi ndani yake lililofichwa vizuri, na sauti yake ilitoka imekwaruza kama redio iliyokaa muda bila kuwashwa. Kulikuwa na nafasi ndogo baada ya mstari wa kwanza. Ndogo sana, lakini mi niliisikia, na nadhani na yeye aliisikia, ile nafasi ambayo umeshaanza na hujui kama watu watakupokea au watakuacha hewani.

Wakampokea. Wote, kwa kishindo, mama mkubwa na kigelegele juu.

Hapo ndo nikaona nilikuwa nashangaa kitu kisicho chenyewe. Kule kliniki nilishangaa ameitikia. Kuitikia ni rahisi, unabebwa na wenzako. Huku alianzisha. Kuanzisha unajiweka wazi, na ukipokelewa umepewa kitu ambacho dokta hawezi kukiandika kwenye karatasi, watu wamekujibu, sio kwa huruma, kwa wimbo, kwa wakati wake, bila kukuuliza unajisikiaje leo.

## Yeye anasema sivyo

Jioni nikamwambia hayo yote. Nilikuwa na maneno mengi, Gambia, Janzen, kuanzisha, kupokelewa.

Akanisikiliza mpaka mwisho akiwa ananyonyesha. Alafu akacheka, na hicho kicheko nilikuwa sijakisikia siku nyingi.

"Dada, we nae. Siku ile kliniki mi niliitikia kwa sababu wote wanaitikia, ningenyamaza wangeniangalia. Kilichonisaidia ni yule mama aliyenipokea mtoto. Mikono ilikuwa inaniuma."

"Na leo je?"

"Leo nilikuwa na usingizi, nikaona nikiimba sitasinzia nikajigonga kidole."

Basi.

Nikabaki nimekaa na nadharia yangu kama mtu aliyenunua kiatu kisichomwenea.

Ila nikazidi kufikiri, na nikaona jibu lake haliui kitu, linaongeza. Kwa nini yule mama alimpokea mtoto? Kwa sababu kulikuwa na makofi ya kupiga. Bila wimbo, kila mtu pale angebaki na mwanae na foleni yake, na ukimwendea mtu usiyemjua ukamwambia nipe mtoto nikushikie utaonekana mwizi. Wimbo ulitoa ruhusa. Ulifungua mikono ya watu. Pengine hata wale akina mama wa Uingereza, nusu ya nafuu yao ilikuwa ni kwamba kwa saa moja kuna mtu mwingine anamwangalia mtoto usoni na kumwimbia. Lakini na lile kundi la michezo nalo lilikuwa na watu, nalo lilikuwa na mikono, na bado waliokuwa wanaimba ndo walitangulia. Kwa hiyo kuna kitu kwenye kuimba kwenyewe. Siwezi kukitenganisha na mikono na wala sidhani kama ni lazima kitenganishwe.

Tena na vidonge navyo vilikuwa vinafanya kazi yake wakati huo huo. Nani anajua kipi kilifanya nini.

## Wimbo unaofukuza

Sasa tusidanganyane, muziki sio malaika.

Pale pale kliniki nimesikia kitu ambacho kimenikaa vibaya. Kadi ya mtoto ina rangi, kijani uzito mzuri, nyekundu hali mbaya. Kuna siku akina mama wenyewe, nesi akiwa ndani, waliingiza mstari wa kwao kwenye wimbo, wa mama ambaye mtoto wake yuko nyekundu. Hawakutaja jina. Hawakuhitaji kutaja, sisi watu wa pwani na bara yake tunajua kumsema mtu bila kumtaja, ndo taarabu nzima hiyo. Wote wakacheka, wote wakaitikia, na yule mama akakunja kanga yake akaondoka kabla hajapima.

Huyo ndo alikuwa anahitaji mizani kuliko wote pale.

Nguvu ni ile ile moja, kundi zima kukujibu kwa sauti moja. Ukiwa ndani ni dawa, ukiwa nje ni kufukuzwa kijiji. Na unyago wetu nao ninaoutetea hapa una nyimbo ambazo zinamfundisha binti kuvumilia vitu ambavyo hakuna mtu anatakiwa kuvivumilia. Nimechezwa, nazijua. Watu wa haki za watoto wanalalamika wasichana wadogo wanachezwa mapema mno na shule zinaachwa, na wana hoja, msimu wa ngoma ukifika madarasa mengine yanapungua. Kwa hiyo mtu akinambia "turudishe ngoma zetu, ni afya" namuuliza, ipi, na inamwimba nani.

## Ikaletwa spika

Mwezi uliofuata nikakuta kitu kipya chini ya mwembe. Spika. Kubwa, ina taa zinazowaka bluu na nyekundu, na flashi imechomekwa. Ni msaada, aliyeleta simtaji, nia yake ilikuwa nzuri tu. Kwenye flashi kuna nyimbo za afya, zimepigwa studio, mdundo wa kisasa, lishe bora, chandarua, chanjo, mwanaume mpeleke mkeo kliniki. Zimetengenezwa vizuri, zile za kutikisa kichwa hata kama hutaki.

Na akina mama wote walikuwa kimya wanachezea simu.

Hakuna aliyepiga makofi, utampigia nani. Hakuna aliyepokea mtoto wa mwenzake. Ujumbe ulikuwa unafika, tena kwa usahihi kuliko nesi anavyouimba, hausahau mstari, haukosei miezi. Ila ile asubuhi yote niliyoiona mwanzo ilikuwa haipo.

Najua mtu atasema nachukia teknolojia. Sina shida na wimbo wa kurekodiwa wenye ujumbe wa afya. Remmy Ongala aliimba kuhusu soksi, tena wakati ule ambao kuitamka kondomu hadharani ilikuwa aibu, redio ya taifa ikakataa kuupiga, na bado kila mtu akaujua, kwa sababu watu waliuchukua wakauimba wenyewe, kwenye vilabu, kwenye malori, wakautania, wakaongezea yao. Ulitoka kwenye spika ukaingia midomoni. Hizi za kwenye flashi zinatoka kwenye spika zinaishia kwenye mwembe.

Na sauti sasa. Zile spika za kwenye sherehe zetu huku mjini ndo usiseme, unaongea na mtu kwa ishara. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kusikiliza mpaka saa 40 kwa wiki bila wasiwasi mkubwa, lakini ikifika 100 ni kama dakika 20 tu kwa wiki nzima. Dakika 20! Vigodoro vyetu vinaanza saa tatu usiku vinaisha alfajiri na watoto wamelala chini ya spika. Sikio likishaharibika hivo halirudi. Kwa hiyo hata tukiacha mambo ya kuitikiana, mashine hii tunayoiita burudani ina upande wake.

## Ila mjomba na busha lake

Nilitaka niishie hapo, hoja imekaa vizuri, spika mbaya kuimba kuzuri. Mjomba akaniharibia.

Mjomba alikuwa na busha. Huku kusini pwani sio siri, matende na mabusha yametutesa vizazi, mbu wameeneza minyoo, wazee wamejificha ndani ya kanzu miaka na miaka. Akapata nafasi ya upasuaji, akaogopa vibaya mno, mtu aliyevua papa Msimbati anatetemeka mbele ya kitanda cha magurudumu. Akachomwa ganzi ya mgongoni, maana yake yuko macho anasikia kila kinachoendelea, vyuma vinagongana kwenye sinia na yeye anasikia. Akaomba simu yake. Dokta akamruhusu. Akaweka visikizio masikioni na dansi la zamani, lile la gitaa nyingi na magoma ya kuzunguka, na mwenyewe anasimulia kwamba alipofika kwenye sebene alisahau kabisa wanakata nini.

Hakuimba. Hakuitikia. Hakuna aliyemjibu.

Na utafiti uko upande wake. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 73 ya wagonjwa wa upasuaji waliowekewa muziki kabla, wakati au baada ya operesheni: maumivu yalipungua, wasiwasi ulipungua, na dawa za maumivu walizohitaji zilipungua. Hata waliokuwa wamelazwa usingizi kabisa walipata nafuu kidogo, japo waliokuwa macho walinufaika zaidi.

Kwa hiyo kusikiliza peke yako nako ni dawa. Sina pa kukimbilia.

Tofauti ninayoiona, na naisema kwa sauti ya chini, ni kwamba mjomba alichagua mwenyewe. Wimbo ulikuwa wa ujana wake, anajua nani alikuwa anacheza nae. Spika ya kliniki hakuna aliyeichagua, ikiwashwa imewashwa. Ukimwekea mjomba zile nyimbo za chandarua kwenye visikizio wakati anapasuliwa nadhani angeomba ganzi ya pili.

## Nilichoenda kumwambia nesi

Nikaenda kumwona nesi, na maandazi, maana huwezi kumwendea mtu mwenye kazi za watu watatu ukiwa mikono mitupu na maoni.

Nikamwambia spika aiweke ya matangazo na ya siku za kampeni, asubuhi ya mizani akina mama waimbe wenyewe, tena asianzishe yeye kila mara, awaache na wao waanzishe, hata kama sio wimbo wa lishe. Mstari wa kumsema mtu aukate pale pale. Na mama ambaye mtoto wake yuko nyekundu apimwe ndani, sio mbele ya benchi. Na lile swali la usingizi awaulize, swali moja tu, akiona jibu limekaa vibaya amwandikie rufaa.

Akawa anatafuna andazi ananiangalia.

"Dada yangu, unajua niko peke yangu hapa? Mimi nachoma chanjo, mimi napima, mimi naandika, mimi nazalisha. Nikianza kuuliza kila mama amelala, saa ngapi nitamaliza?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia mama mkubwa yuko tayari kuja siku za kliniki, yeye na wenzake wa kwenye korosho, kusimamia nyimbo na kushika watoto, na macho yake hayapitwi na mzazi asiye sawa, ataanza kumshuku hata kabla ya fomu yoyote ya Edinburgh.

"Si ndo yule anayetaka kila mtu apigiwe ngoma ya shetani?"

"Ndo huyo huyo."

Akafikiri kidogo. Akafuta sukari mdomoni.

"Aje. Ila akimwona mzazi anamshuku, ananiletea mimi kwanza, hao mashetani wake wasubiri foleni. Na mizani ikianza, mtupishe."